Insha 320, Mshahara wa Mwalimu Mmoja, na Ahadi ya Mwenyekiti wa Idara

BARUA

Kwa Mwalimu Mshauri,

Natumai barua hii itakukuta ukiwa buheri wa afya. Mimi ni mhadhiri wa muda wa Kiswahili jijini Nairobi. Nina shahada ya elimu, shahada ya uzamili katika fasihi, na nimesajiliwa kwa masomo ya uzamifu, ingawa utafiti wangu kuhusu nyimbo za wavuvi wa Lamu umekwama tangu pendekezo langu lipitishwe. Nafundisha katika vyuo viwili. Katika kile cha umma nina kozi ya stadi za uandishi na nyingine ya utangulizi wa fasihi simulizi. Katika kile cha binafsi nina kozi moja ya uhakiki wa riwaya na tamthilia.

Kozi inayonimaliza ni ile ya uandishi. Ina wanafunzi 320, karibu wote wakiwa wa mwaka wa kwanza wa shahada ya elimu, na ukumbi tuliopewa hauwatoshi, hivi kwamba wanaochelewa husikiliza wakiwa wamesimama nje ya madirisha. Kila mwanafunzi huandika insha moja ya alama 30 kabla ya mtihani wa mwisho wa alama 70. Sina msaidizi wa kusahihisha. Chuo hunilipa shilingi 1,000 kwa kila saa ya darasani, saa 45 kwa kozi nzima, na kwa kusahihisha silipwi chochote. Naandika haya rundo la insha likiwa pembeni mwangu, na nusu ya rundo hilo bado sijaigusa.

Hata hizo saa 45 hazilipwi kwa wakati. Muhula wa Septemba 2023 sijaulipwa mpaka leo. Nilijaza fomu ya madai, nikaambiwa haionekani. Nikajaza ya pili, ikarudishwa kwa sababu haikuambatishwa nakala ya barua ya uteuzi, na barua yenyewe nilikuwa nimeipokea muhula ukikaribia kwisha. Mihula iliyofuata nimelipwa nusunusu. Wenzangu kadhaa wameafikiana kwamba safari hii hatutawasilisha alama mpaka tulipwe, na mmoja wao ameniuliza mbele ya watu kama mimi niko upande wao au upande wa chuo. Sijamjibu.

Isitoshe, sina hakika tena kwamba ninachosahihisha kimeandikwa na wanafunzi. Insha moja ya uhakiki niliyoipata katika chuo cha binafsi ilikuwa na Kiswahili kilichonyooka kabisa, na ilimchambua kwa aya mbili mhusika ambaye hayumo katika riwaya tuliyoisoma. Mwanafunzi alikuwa amemnukuu na kutaja hata ukurasa. Nilipomwita alisema bila wasiwasi kwamba programu ya kompyuta ndiyo iliyompa. Nimeshauriwa nianze kutumia programu za kutambua maandishi ya namna hiyo.

Wakati huohuo shule moja ya sekondari ya binafsi imenipa nafasi ya kufundisha Kiswahili, kwa mshahara wa kila mwezi na bima ya matibabu. Namba ya TSC, yaani ya usajili wa Tume ya Huduma za Walimu, ninayo. Mwenyekiti wa idara yangu ananisihi nivumilie, kwamba nafasi ya kudumu itatangazwa na jina langu analo kichwani. Ananiambia hivyo kila muhula unapoanza. Baba mkwe wangu naye haelewi mtu aliyefika chuo kikuu anawezaje kurudi kufundisha watoto wa sekondari.

Naomba unishauri. Je, nizuie alama pamoja na wenzangu? Nifanye nini na hizi insha? Na je, niende shuleni au ningoje?

Wako mtiifu,
Mhadhiri wa Muda, Nairobi

JIBU

Mwalimu mwenzangu,

Kabla ya kugusa suala la alama au la shule ya sekondari, naomba tufanye hesabu ambayo walimu wengi wa uandishi huikwepa. Chukua insha moja na uiwekee dakika 10 tu, muda ambao wewe na mimi tunajua hautoshi kuisoma, kuweka alama na kuandika neno la maana pembeni. Insha 320 zitakula saa 53. Karatasi ya mtihani uipe dakika 12, nazo 320 zitakula saa 64. Ongeza saa 45 za darasani, upate saa 162, bila kuhesabu matayarisho, wala wanafunzi wanaokusimamisha koridoni, wala safari ya matatu kati ya vyuo viwili. Shilingi 45,000 zikigawanywa kwa saa hizo ni takriban shilingi 278 kwa saa, kabla ya kodi, na hizo ni zile zinazolipwa. Huo ndio ujira wako halisi. Ile shilingi 1,000 iliyoandikwa katika barua ya uteuzi ni bei ya sauti yako ukumbini, na chuo kimeamua kuichukulia kazi iliyobaki kuwa zawadi kutoka kwako.

Sikuonyeshi hesabu hii ili nikukatishe tamaa. Ninachotaka uone ni kwamba uchovu wako una chanzo kinachopimika, na wala si dalili kwamba umeichoka fasihi au kwamba hukuumbiwa chuo kikuu. Kufundisha uandishi ndiyo kazi nzito kuliko zote katika idara za lugha, na karibu kila mahali imeachiwa watu wa ngazi ya chini. Nchini Marekani, ambako kozi ya uandishi ya mwaka wa kwanza ni desturi ya zamani, chama cha walimu wa uandishi wa vyuo, CCCC, kilichoanzishwa mwaka 1949, hupendekeza darasa la uandishi lisizidi wanafunzi 20, na 15 iwe ndiyo idadi bora, tena mwalimu mmoja asiwe na wanafunzi wa uandishi zaidi ya 60 kwa muhula. Pamoja na mapendekezo hayo, huko nako sehemu kubwa ya madarasa hayo hufundishwa na walimu wa muda wanaolipwa kwa kozi na wanafunzi wa uzamifu, huku maprofesa wakibaki na semina za riwaya na ushairi. Wewe una 320 katika ukumbi mmoja. Hakuna mbinu ya kusahihisha itakayoigeuza idadi hiyo kuwa darasa la uandishi, na yeyote atakayekuuzia mbinu hiyo mwogope.

Jambo la pili ni kwamba kazi hii inayokula usiku wako haihesabiwi popote utakapohitaji kuhesabiwa. Miongozo ya kuajiri na kupandisha vyeo iliyotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu mwaka 2014 iliweka shahada ya uzamifu kuwa sharti la kuwa mhadhiri, na juu ya ngazi hiyo mtu hupanda kwa machapisho. Insha ulizosahihisha kwa uaminifu hazina safu katika fomu ya maombi. Mwenyekiti wako anapokuambia nafasi ikitangazwa jina lako analo kichwani, huenda anasema kweli kwa moyo wake wote, lakini jopo la usaili litafungua faili lako na kutafuta tasnifu na makala, na kichwa cha mwenyekiti hakitakuwa miongoni mwa viambatisho. Bila uzamifu, nafasi unayoingojea haiwezi kuwa ya mhadhiri kamili; labda ya mhadhiri msaidizi, na hata hiyo utashindania na watu waliokwisha kutetea tasnifu zao. Ndiyo maana katika kila shauri linalofuata nitakuuliza jambo lilelile: je, linakusogeza karibu na Lamu na zile nyimbo, au linakusogeza mbali?

Sasa alama. Usizizuie. Nasema hivi nikijua kwamba wenzako wana haki ya kukasirika, na kwamba mgomo wa kimyakimya wa alama ndiyo silaha pekee ambayo mhadhiri wa muda huhisi anayo, kwa kuwa mazungumzo ya UASU, chama cha wahadhiri wa vyuo vikuu, na serikali huhusu zaidi walioajiriwa kwa kudumu. Lakini tazama silaha hiyo inamlenga nani. Mhasibu aliyekalia fomu yako hatakosa usingizi. Atakayekosa ni yule msichana aliyesikiliza mihadhara yako akiwa amesimama nje ya dirisha, ambaye baada ya miaka minne atafika kwenye orodha ya mahafali akute nafasi tupu mbele ya kozi yako, kisha azungushwe kutoka ofisi hadi ofisi akimtafuta mhadhiri ambaye pengine hayuko tena chuoni. Kila aliyesoma katika vyuo vyetu vya umma anajua mtu aliyechelewa kuhitimu kwa sababu ya alama zilizopotea. Zaidi ya hayo, ukizuia alama unakipa chuo jambo ambalo hakina sasa, yaani hoja dhidi yako. Kwa wakati huu wewe umetimiza wajibu wako wote na wao hawajatimiza wao. Siku utakayobaki na alama mkononi, barua yao ya kwanza itasema hukukamilisha kazi, na madai ya malipo yatageuka kuwa mabishano.

Silaha unayoweza kuitumia bila kumuumiza mwanafunzi ni kuikataa kozi ya muhula ujao kabla haijaanza. Wenzako wakiafikiana kwamba hakuna atakayeingia darasani Septemba bila barua ya uteuzi mkononi na bila deni la nyuma kulipwa walau kwa sehemu iliyoandikwa, hapo idara italazimika kuutafuta uongozi wa chuo, kwa sababu ukumbi wenye wanafunzi 320 na usio na mhadhiri huonekana hata kutoka ofisi ya makamu mkuu wa chuo. Yule aliyekuuliza mbele ya watu uko upande gani, mjibu kwa pendekezo hilo. Wasilisha alama zako kwa maandishi, pata muhuri wa idara kwenye nakala yako, uitunze.

Kuhusu lile deni la 2023, acha kujaza fomu na uanze kuandika barua. Mimi si wakili na hutafanya lolote kwa neno langu peke yake, lakini mambo machache ya sheria ni muhimu uyajue kabla ya kumwona mmoja. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na jukumu la kuuandaa ni la mwajiri. Asipoutoa, ni yeye anayebeba mzigo wa kukanusha kile mfanyakazi anachodai. Muhula wako ni wa miezi minne. Kwa hiyo kuchelewa kwa barua ya uteuzi, jambo ambalo ofisi ya fedha imelitumia kama kosa lako, linaweza kuwa kosa lao. Chuo kitasema hukuwa mwajiriwa, ulikuwa mtoa huduma. Sawa, ukihesabiwa mtoa huduma, kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai ya huduma yasiyozidi shilingi milioni moja, inatakiwa kuyaamua ndani ya siku 60, na inakuruhusu kujitetea mwenyewe. Ukihesabiwa mwajiriwa, suala ni la Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na huko muda wa kufungua shauri ni miaka mitatu tangu haki yako ilipokiukwa. Nakuomba uisome tena sentensi hiyo ukiwa na kalenda. Madai ya muhula wa Septemba 2023 hayana umri usio na kikomo, na kila mara mtu anapokuambia urudi wiki ijayo anakula sehemu ya muda huo. Kituo cha Sheria hapo Nairobi kimekuwa kikiwasaidia wasio na uwezo wa kumlipa wakili tangu miaka ya 1970. Anzia hapo, uwe na barua ya uteuzi, ratiba ya masomo yenye jina lako, nakala ya alama ulizowasilisha, na fomu zote mbili za madai. Fungua pia ukurasa wako wa iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni, uone kama kodi waliyokata katika yale malipo ya nusunusu imefika kwa mamlaka. Wakati mwingine haifiki.

Nije kwa insha, kwa sababu hapa ndipo barua yako iliponigusa zaidi. Programu za kutambua maandishi ya mashine ziache. Kampuni ya OpenAI, iliyotengeneza ChatGPT mwishoni mwa 2022, ilitoa programu yake yenyewe ya utambuzi na ikaiondoa Julai 2023 kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha, na mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba programu kadhaa za aina hiyo zilizishuku zaidi ya nusu ya insha za Kiingereza zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, ilhali insha hizo waliziandika wenyewe. Ikiwa hivyo ndivyo zinavyowatendea waandishi wa Kiingereza, sioni kwa nini tuziamini na Kiswahili cha mtoto wa Kitui. Kumshtaki mwanafunzi mmoja asiye na hatia ni hasara kubwa kuliko kuwapitisha watano waliodanganya, na kwa ujira wa shilingi 278 kwa saa wewe huna muda wa kuwa mpelelezi.

Badilisha swali badala ya kubadilisha mlinzi. Yule mhusika asiyekuwepo alipatikana kwa sababu swali lilikuwa la aina inayoweza kujibiwa na mtu ambaye hajaisoma riwaya: jadili maudhui, fafanua mtindo, toa mifano. Maswali hayo tumeyauliza tangu enzi za wanafunzi kununua miongozo mtaani, na wanafunzi wamekuwa wakiyajibu bila kufungua kitabu tangu enzi hizohizo. Mashine imewapunguzia nauli tu. Katika kozi ya fasihi simulizi una bahati ambayo mwalimu wa riwaya hana. Mtume kila mwanafunzi akusanye hadithi, wimbo au vitendawili kutoka kwa mtu anayemjua, aeleze ni nani aliyesimulia, wapi, mbele ya nani, msimulizi alisita wapi na wasikilizaji walidakia nini, kisha aichambue simulizi hiyohiyo. Hapana programu iliyokuwepo kwenye kibaraza cha bibi yake. Utapata kazi mbovu na kazi nzuri, lakini zitakuwa zao, na baadhi yake zitastahili ukae kitako uzisome.

Kwa wale 320, insha ya alama 30 iandikwe darasani, ukurasa mmoja, kwa dakika 40, wakiwa wamegawanywa katika makundi ya wiki tofauti ili ukumbi uwatoshe. Ukurasa mmoja ulioandikwa kwa kalamu unakufunza zaidi kuhusu sintaksia ya mwanafunzi kuliko kurasa sita zilizochapwa usiku. Usisahihishe kila kosa. Mwaka 1983 mwalimu wa uandishi wa Marekani, Richard Haswell, alieleza mtindo wa kuweka alama ya vema pembeni mwa kila mstari wenye kosa, bila kusema ni kosa gani, na kumrudishia mwanafunzi karatasi alitafute mwenyewe; aliona kwamba wanafunzi waliweza kurekebisha zaidi ya nusu ya makosa hayo bila kuambiwa. Kwa Kiswahili mtindo huu unafaa hasa kwa upatanisho wa kisarufi, kwa kuwa mwanafunzi anayeandika «kitabu zangu» mara nyingi analijua umbo sahihi na hakulitazama tu. Andika maoni kwa hoja moja tu, ile itakayomsaidia katika karatasi inayofuata. Najua walimu wengine wa kizazi changu watasema huku ni kulegeza kamba. Wao hawakuwa na 320.

Tumefika kwenye shule. Jibu langu ni ndiyo, nenda, na sababu kuu si mshahara wala bima, ingawa hizo si ndogo kwa mtu ambaye malipo yake ya 2023 bado ni fomu. Sababu ni kalenda. Vyuo vyako viwili vinaendesha mihula mitatu kwa mwaka, Januari, Mei na Septemba, na mhadhiri wa muda huogopa kuukataa hata mmoja asije akasahauliwa. Kwa hiyo huna wiki tatu mfululizo ambazo mtu anaweza kupanda basi kwenda Mokowe, kuvuka maji hadi Lamu na kukaa na wavuvi mpaka waache kumwona mgeni. Shule hufunga Aprili, Agosti na kuanzia mwisho wa Oktoba au Novemba. Ukitazama pepo, likizo ya mwisho wa mwaka inakufaa zaidi, maana hapo kusi imeshapungua na kaskazi inaanza kuingia. Agosti bahari ya nje ina ukali, lakini wavuvi wasiokwenda mbali hupatikana nchi kavu wakitengeneza nyavu, na mtu anayeshona wavu huimba na huongea. Unaujua uwanda huo wa utafiti kuliko mimi. Nachotaka kusema ni kwamba utafiti wako unahitaji likizo, na kazi uliyo nayo haina.

Usidhani ninakupeleka mahali pepesi. Shule ya sekondari ina zamu, vipindi vya jioni, Jumamosi za mazoezi ya mitihani na wazazi wanaopiga simu. Lakini darasa lina wanafunzi unaoweza kuwajua kwa majina, na wakati huu ni mzuri kwa mwalimu wa Kiswahili: kundi la kwanza la mtaala mpya liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, Kiswahili kikiwa miongoni mwa masomo ya msingi ya shule za upili, na Fasihi ya Kiswahili ikiwa somo la kuchagua katika mkondo wa Sayansi za Jamii. Shule zinatafuta watu wanaoweza kuifundisha fasihi kama fasihi. Mwenye uzamili na uzoefu wa chuo ana nafasi ya kujadiliana kuhusu mzigo wake kuliko anavyofikiri.

Kwa baba mkwe sina jibu la kisheria. Unaweza kumtajia marehemu Euphrase Kezilahabi, ambaye alifundisha shule za sekondari kabla ya kuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye Botswana. Au unaweza kumwonyesha hati ya malipo ya mwezi wa kwanza. Wakwe wengi huelewa hati kuliko historia ya fasihi.

Katika chuo cha umma, ile kozi ya uandishi iache kabisa. Ukitaka kubaki na mguu mmoja chuoni, na nadhani ni vyema ubaki, shika ile ya fasihi simulizi peke yake kama inaweza kufundishwa Jumamosi, kwa sharti la barua ya uteuzi kabla ya mhadhara wa kwanza. Inalisha tasnifu yako, na kazi bora za wanafunzi zitakuonyesha maeneo ambayo wewe mwenyewe hujafika. Mwenyekiti wa idara mwandikie kwa heshima, umshukuru, umweleze kwamba bado unaitaka nafasi ikitangazwa na kwamba utaomba kama wengine watakavyoomba. Ngojangoja yaumiza matumbo, na yeye mwenyewe anajua.

Vyuo vingi humtaka mwanafunzi wa uzamifu awe na makala mawili yaliyochapishwa kabla ya kuhitimu, kwa hiyo usisubiri tasnifu iishe. Sura yako ya nadharia tayari ina makala moja ndani yake. Ipeleke kwenye jarida linalosomwa na watu wa taaluma yetu, kwa mfano Kiswahili au Mulika ya TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Swahili Forum linalotoka mtandaoni bila malipo ya msomaji. Wahakiki watakuweka miezi, na mmoja wao atakuwa mkali bila sababu; vumilia. Yale majarida yanayokutumia barua pepe yakikusifu kwa jina lililokosewa, na kuahidi kukuchapisha kwa wiki moja ukilipa kwa dola, yafute. Majopo ya usaili yameyazoea majina yao.

Jambo la mwisho, kabla hujatia sahihi mkataba wa shule. Mweleze mkuu wa shule waziwazi kwamba unasomea uzamifu, na uombe mambo mawili yaandikwe katika mkataba wenyewe: kwamba likizo za Agosti na za mwisho wa mwaka hutapangiwa masomo ya ziada, na kwamba utapewa ruhusa ya siku za kuonana na wasimamizi na za kutetea tasnifu. Akikubali kwa mdomo na kukataa kuandika, usikasirike. Mwambie utamsubiri hadi Ijumaa, na wakati huo uitafute shule ya pili.

Mwalimu Mshauri